Watoto Waliookotwa: Habari za Wachanga Walioachwa, Toka Mpala ya Zamani Mpaka Kalemie ya Leo



Kamati ya Yubile ilipogawa kazi za kitabu hiki, wengine walipewa habari za ujenzi wa kanisa, wengine majina ya maparoko, wengine kwaya na nyimbo. Sisi tuliombwa tuandike juu ya kazi za mapendo. Tukaenda kufungua vitabu vya ubatizo, tukidhani tutapata huko hesabu ya maskini na wagonjwa waliosaidiwa. Tukakuta jambo jingine. Hapa na pale, mahali pa jina la baba, kuna mstari mtupu, na pengine mahali pa jina la mama vile vile. Padri mmoja wa zamani aliandika kwa Kilatini parentibus ignotis, ndiyo kusema wazazi hawajulikani. Mwingine hakuandika neno, alipiga mstari tu kwa kalamu.

Basi tumeona vema kuandika juu ya watoto hao. Wengine watasema si habari ya sikukuu. Lakini yubile katika Biblia ilikuwa mwaka wa kurudishia watu haki zao, si mwaka wa kuimba tu.

Wote tunajua habari ya Musa. Mama yake alimficha miezi mitatu, na alipoona hawezi tena, alitwaa kisafina cha matete, akakipaka lami, akamweka mtoto ndani kando ya mto, na dada yake akasimama mbali apate kuona yatakayompata. Angalieni vizuri: mwanamke yule hakumtupa mtoto. Alimweka. Alichagua mahali ambapo watu hupita, akaacha jicho la kumlinda. Kati ya kutupa na kuweka kuna njia ndefu, na habari yote tutakayosimulia hapa imo katika njia hiyo.

KINKULA

Tusiwasingizie wazee wetu. Katika nchi ya Marungu na pwani yote hii ya ziwa, mtoto alikuwa mali kuliko nguo na pembe, na yatima hakukosa mjomba wa kumlea. Lakini kulikuwa na watoto walioogopwa hata na jamaa yao. Kwa Watabwa, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini aliitwa kinkula. Ilisadikiwa kwamba akiachwa aishi ataleta vifo katika ukoo na kijiji. Mtoto huyo alitupwa majini au porini, na kilio hakikufanywa.

Fikirini kidogo. Meno hayaoti siku ya kuzaliwa. Mama amekwisha kunyonyesha miezi sita au zaidi, mtoto amekwisha kumjua na kumchekea. Kiisha asubuhi moja anatia kidole kinywani mwa mtoto, anagusa jino, nalo liko juu. Tulisikia kwa bibi zetu kwamba wanawake wengine walificha jambo hilo siku nyingi, wakimfunika mtoto uso mbele ya mama mkwe, wakingoja meno ya chini yatoke. Na tulisikia pia kwamba, walipofika wamisioneri, mtoto wa namna hiyo aliweza kupelekwa kwao, akahesabiwa kama aliyetoka katika kijiji. Hivyo woga wa watu ulitulia na mtoto akabaki hai. Wanawake hao hawakupata kusoma habari ya kisafina, lakini walifanya vile vile.

Tusicheke wala tusijione bora. Meno ya kinkula hayatishi tena watu wengi, lakini katika miji yetu ya leo mtoto huitwa mlozi kwa sababu anakojoa kitandani, au kwa sababu baba amepoteza kazi.

NYUMBA ZA YATIMA PWANI YA ZIWA

Mwaka 1867 na 1868 njaa kubwa na magonjwa viliangamiza watu nchini Algeria. Askofu Mkuu Lavigerie aliokota yatima zaidi ya elfu moja njiani na katika makambi, akawajengea nyumba. Katika miaka hiyo hiyo alianzisha shirika la Mapadri Weupe, mwaka 1868, na la Masista Weupe, mwaka 1869. Kwa hiyo mashirika mawili yaliyotuletea Injili yalizaliwa katikati ya kilio cha watoto wasio na wazazi, na walipofika kwetu kazi hiyo haikuwa ngeni kwao.

Mwaka 1883 Émile Storms, askari Mbelgiji, alijenga ngome huko Mpala, mdomoni mwa mto Lufuko, kusini ya mji wetu. Mwaka 1885 ngome hiyo ilikabidhiwa Mapadri Weupe. Mwaka 1887 akaja Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, akawalinda watu na wateka watumwa. Akaoa mwanamke wa nchi hii, na akazikwa katika nchi hii mwaka 1927. Nyumba za yatima za Mpala na za Kibanga zilijaa watoto waliokombolewa toka mikononi mwa wafanya biashara ya watu. Walikombolewa kwa nguo na shanga. Fedha zilitoka mbali. Nyingine zilitoka kwa watoto wenyewe wa Ulaya, wanachama wa Utoto Mtakatifu, kazi iliyoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy kwa ajili ya wachanga walioachwa huko China. Watoto wetu wa Kizito-Anuarite wanapotoa sadaka yao ndogo siku ya Utoto Mtakatifu, pengine hawajui kwamba babu za babu zao walikombolewa kwa sadaka kama ile.

Lakini nyumba hizo zilikuwa hasa za watoto wakubwa. Mtoto wa miaka sita hula ugali na samaki. Mtoto wa siku mbili anataka ziwa la mama, na maziwa ya mkebe hayakuwapo. Mapadri hawakuwa na la kufanya ila kutafuta mwanamke Mkristu anayenyonyesha na kumsihi. Masista Weupe walipofika Baudouinville mwaka 1895, ndio walioweza kushughulika na wachanga kwa mikono inayojua. Hata hivyo wengi walikufa. Makaburi madogo ya misioni za kale ni mengi kuliko tunavyopenda kuyakumbuka.

Ng'ambo ya ziwa, Karema, alikuwako mwenzetu katekista Adrian Atiman. Aliibwa utotoni karibu na Timbuktu, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta, akawatibu watu wa Karema toka mwaka 1889 mpaka kufa kwake mwaka 1956. Tunamtaja kwa sababu watu wengi huuliza mtoto wa kuokotwa atakuwa nini.

Sasa lazima tuseme na lile lisilopendeza, maana kitabu cha yubile kisicho na dhambi hata moja hakisadikiki. Amri ya Mfalme Leopold II ya tarehe 12 Julai 1890 iliweka watoto yatima, walioachwa na waliokombolewa chini ya ulinzi wa Leta, na amri ya tarehe 4 Machi 1892 iliruhusu misioni kupewa ulinzi huo. Ilikuwa sheria ya kwanza ya nchi yetu juu ya mtoto aliyeachwa. Lakini Tume ya Uchunguzi ya mwaka 1904, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1905, ilikuta katika misioni za upande wa magharibi watoto wengi walioitwa yatima, na kumbe jamaa zao walikuwa hai. Sababu moja ni rahisi kwetu kuifahamu. Mzungu aliona mtoto asiye na baba, akaandika yatima. Hakujua kwamba kwa watu wanaofuata ukoo wa mama mwenye mtoto ni mjomba, naye alikuwa amekaa palepale kijijini.

Kosa hilo halikufa na wakoloni. Katika miaka yetu nyumba za watoto zilizidi katika miji mikubwa, na pamoja na watu wema waliingia wenye kutafuta faida, wakipeleka nje watoto ambao mama zao walikuwa hai wakiwasubiri. Ndiyo sababu moja iliyoifanya Serikali mwezi wa Septemba 2013 isimamishe ruhusa za kutoka kwa watoto waliopangwa na wageni. Familia nyingi za kweli ziliumia kwa uamuzi huo, lakini hatuwezi kusema haukuwa na msingi.

MLANGO WA ROMA

Mapokeo yanasimulia kwamba Papa Inosenti III alipata habari ya wavuvi wa mto Tiber waliovuta nyavu zao na kukuta ndani wachanga waliokufa. Papa aliiweka hospitali ya Roho Mtakatifu ipokee watoto, na huko likawekwa gurudumu ukutani: mama anaweka mtoto upande wa nje, anazungusha, anapiga kengele, anakwenda zake bila kuonekana. Sisi tunaokaa pwani hatuhitaji mtu wa kutufafanulia habari ya nyavu zile.

Gurudumu likaenea Ulaya. Huko Paris Mtakatifu Visenti wa Paulo na Mtakatifu Luisa wa Marillac walianza mwaka 1638 kulea watoto waliookotwa milangoni mwa makanisa. Mwaka 1811 sheria ya Napoleoni iliamuru magurudumu katika Ufaransa yote. Watoto waliingia kwa maelfu, na kwa kukosa ziwa na usafi, wengi mno walikufa ndani ya kuta za mapendo. Mlango mzuri bila maziwa nyuma yake hauokoi mtu. Magurudumu yakafungwa polepole, na mwaka 1904 Ufaransa ikaweka badala yake ofisi iliyo wazi usiku na mchana, ambapo mama anapokewa na mtu, anaelezwa msaada uliopo, wala halazimishwi kutaja jina lake.

Katika siku zetu jambo limerudi, na mara nyingi limerudishwa na makundi madogo ya watu wa sala. Huko Johannesburg kanisa moja la Kibaptisti lilitoboa ukuta wake mwaka 1999, likaweka kitanda kidogo ndani. Hivyo ilizaliwa nyumba ya Door of Hope. Nairobi, New Life Home Trust ilianza mwaka 1994 kupokea wachanga walioachwa, hasa waliozaliwa na mama wenye virusi vya ukimwi, wakati watu wengi waliogopa hata kuwagusa. Marekani, jimbo la Texas lilitunga mwaka 1999 sheria inayosema kwamba mzazi akimkabidhi mtoto mchanga mzima mikononi mwa watu wa hospitali au wazimamoto, hatashitakiwa kwa kumwacha. Mpaka mwaka 2008 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Jimbo la Nebraska lilisahau kutaja umri, na katika miezi michache wazazi wakaleta watoto zaidi ya 30, wengi wao vijana wenye ndevu zinazoanza. Ikabidi sheria irekebishwe upesi, iwe kwa wachanga wa siku 30 tu. Wenye kutunga sheria na wasome habari hiyo.

SHERIA YETU

Na kwetu je? Sheria za Kongo juu ya mtoto si mbaya. Wengi hawazijui tu. Kitabu cha sheria za jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987 kinasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa katika ndoa au nje. Sheria ya uraia ya mwaka 2004 inamhesabu kuwa Mkongomani mtoto mchanga aliyeokotwa nchini ambaye wazazi wake hawajulikani. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kuwaacha watoto, kuwatesa na kuwasingizia ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamhesabu mtoto aliyeachwa kuwa katika hali ya shida, anayestahili ulinzi wa pekee, na inamfunga mwaka mmoja hadi mitatu anayemsingizia mtoto ulozi.

Yote hayo ni mazuri. Lakini tumesoma na kusoma tena, wala hatukuona neno la kumwambia binti mwenye hofu: ukimleta mtoto akiwa hai mikononi mwa mzalishaji, au sista, au muuguzi, hutafungwa. Sheria inamwonyesha gereza, haimwonyeshi mlango. Na mwenye kuona gereza tu huchagua usiku na mahali pasipo na watu, yaani mahali ambapo mtoto hufa.

Tulipolizungumza jambo hili katika mashirika yetu ya msingi, wazee walitupinga kwa sababu ambayo hatukuitazamia. Hawakusema kwamba mabinti watazidi uasherati. Walisema: mtoto asiyejua ukoo wake ataoa dada yake. Walisema kweli. Hata Mapatano ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989 yanasema mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayoyasimamia imelaumu masanduku ya kuachia watoto kwa sababu hiyo hiyo. Tukawaeleza wazee namna ya Ujerumani, ambako tangu Mei 2014 mama anaweza kuzaa hospitalini kwa jina la kufichwa. Jina lake la kweli linafungwa katika bahasha, na mtoto akifika miaka 16 anaweza kuomba kuisoma. Mzee mmoja akauliza bahasha inakaa kwa nani, na kama panya hawaifikii. Tulicheka, lakini ni swali la mtu aliyeziona ofisi zetu.

JAMBO LILILOTUPATA

Tungeweza kumaliza hapa, lakini tumelaumu sheria na wakoloni, na sisi hatujajilaumu.

Mwaka 2017, wakati wakimbizi wa vita kati ya Watwa na Waluba walipoujaza mji na pembe zake zote, binti mmoja alitungoja jioni baada ya mafundisho. Alikuwa mgeni kwetu. Alisema: “Mwalimu, mutu akizaa na hana fasi ya kuweka mutoto, anaweza kumupeleka wapi?” Sisi tuliosoma seminari ndogo, tunaojua amri za Mungu kwa Kilatini, tulimjibu kwa amri ya sita. Tulimwuliza baba wa mtoto ni nani. Tulimwambia arudi na wazazi wake. Hatukumwuliza kama wazazi wake wako hai, wala kama amekula. Akasema “Ndiyo, Mwalimu”, akaenda. Hata jina lake hatukulishika.

Majuma matatu baadaye, alfajiri, wanawake waliokwenda mwaloni kununua ndagala walisikia sauti kati ya mitumbwi iliyopinduliwa. Mtoto alikuwa amezungushiwa kikwembe mara mbili, amewekwa juu, mahali pasipofikiwa na mawimbi, karibu na njia ambayo wanawake wale hupita kila siku. Hatujui kama ni mtoto wa binti yule. Tumejiambia mara nyingi kwamba si lazima awe wake, kwa maana wasichana wenye shida mwaka ule walikuwa wengi. Neno hilo halikutusaidia kulala.

Mtoto alipelekwa materinite. Mama mmoja wa shirika letu, aliyekuwa akinyonyesha mwanawe wa miezi minne, alimtia kifuani bila kungoja mtu amwombe. Siku hiyo hiyo watu walianza kumtafuta aliyemzaa, si kwa kumwosha na kumpa uji, bali kwa kumfunga. Walizunguka katika makambi wakitazama vifua vya wasichana. Hawakumpata. Tulisikia baadaye kwamba wasichana wenye mimba waliogopa siku nyingi kwenda hata kupimwa.

Tangu hapo wamama wetu walifanya jambo ambalo halikutangazwa katika Misa. Wanajua kila wakati ni nani kati yao ananyonyesha na ana nguvu ya kusaidia. Wanaweka akiba ya mikebe ya maziwa, kwa kuwa mkebe mmoja unamaliza fedha ya chakula ya jamaa nzima. Yuko mwenzao mzalishaji ambaye binti anaweza kumwendea usiku, na neno la kwanza analoambiwa ni “keti”. Wengi wa mabinti hao, wakikwisha kula na kulala, hawamwachi mtoto. Wanatafutiwa shangazi au bibi. Kwa yule asiyeweza kabisa, wamama wanakwenda kwa asistan sosiali na kwa mwamuzi wa watoto, mtoto aandikwe, asipotee katika mikono ya wafanya biashara. Wanafanya hivyo kwa woga kidogo, kwa sababu hakuna karatasi inayosema kwamba binti wanayemficha hatashitakiwa, wala kwamba wao wenyewe hawataitwa wasaidizi wake katika kosa. Ndiyo karatasi tunayoiomba. Kati ya Mapadri wageni wetu wako waliosomea sheria, na baadhi ya wabunge walibatizwa katika dayosisi hii ya Kalemie-Kirungu.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 870, inasema mtoto aliyeachwa au kuokotwa abatizwe, isipokuwa ikijulikana baada ya kuuliza vizuri kwamba alikwisha kubatizwa. Mtoto wa mwaloni alibatizwa hapa kwetu. Paroko alituuliza aandike nini mahali pa wazazi. Tulijibu aache nafasi wazi, asipige mstari, ili siku moja, mtu akija na jina, lipate pa kuandikwa.

Jina la mtoto hatulitaji katika kitabu hiki. Yumo katika darasa letu la Komunyo ya kwanza. Kila Jumamosi anachelewa, kwa sababu anapitia kwanza mwaloni kumsaidia mama yake wa kunyonya kubeba ndagala.